Sura ya Tisa: Kambi Isiyo na Msumari

Mtumbwi haukuwepo.

Faida Issaka alisimama kwenye tope la ukingoni akatazama mahali alipouacha asubuhi. Kigingi kilikuwepo. Kamba ya msitu nayo ilikuwepo, imelala ndani ya maji, ncha yake nzima. Haikukatika wala haikuliwa na kitu. Mtu alikuwa ameifungua kwa vidole vyake, taratibu, wakati yeye alipokuwa amechuchumaa kule juu akichokonoa majivu ya moto.

"Kitsa!"

Mwenye mtumbwi akateremka kutoka kwenye vibanda, upondo begani. Alikuwa mtu mzima, mfupi, ananuka kasiksi, pombe ya ndizi, ya juzi na jana. Alipoona maji matupu akaushusha upondo polepole.

"Eh, Nyamuhanga, Mungu wangu! Afande, niliifunga. Niliifunga muzuri."

"Minajua uliifunga. Nani mwenye aliifungula?"

Kitsa akageuka kutazama juu ya kilima, na Faida akatazama naye. Hapakuwa na wa kumtafuta mbali. Kwenye kile kipande cha ardhi kavu katikati ya kinamasi cha Lwanzoli walikuwa watu wanne tu: yeye mwenyewe, Kitsa, Stanislas mwenye kambi, na mteja wake wa mwisho, binti mmoja aitwaye Jemima. Simu ya Faida ilikuwa haina mtandao tangu walipoacha nchi kavu. Na maji yalikuwa yanapanda. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha milimani, na sasa kibanda cha kwanza, ambacho asubuhi kilikuwa hatua kadhaa kutoka ukingoni, kilikuwa kimelowa miguu.

Ndipo kengele ya parokia ikalia kutoka Kasugho, ng'ambo ya mafunjo. Misa ya mazishi ilikuwa imeanza.

Aliyekuwa anazikwa ni Paulin, mlinzi wa hifadhi ya kijiji, mwanamume aliyechaguliwa na wenzake kuchunga nzohe, wale swala wa majini ambao Lwanzoli inajulikana kwao. Jana asubuhi Kitsa alikuwa amemkuta anaelea karibu na kigingi hiki hiki, kisogo kimepasuka. Na ndani ya kasho, mahabusu ya Kasugho, alikuwa ameketi Ibrahim, dereva wa Beni aliyewaleta wageni wa kambi kwa pikapu yake ya Land Cruiser. Kosa lake la kwanza lilikuwa kugombana na Paulin mbele za watu siku ya kufika, Paulin alipotaka kupekua gari. Kosa lake la pili hakuna aliyelitaja kwa sauti mbele ya Faida. Alikuwa mgeni, Mwislamu wa Beni, katika nchi ambayo watu wanachinjwa mashambani na kila mgeni anatazamwa mikono.

Chefu, mkuu wa kijiji cha Kasugho, alikuwa amemweleza Faida bila kuzunguka. "Ba-jeunes, bale vijana benye kutaka kumuua, nitabashika paka saa ya mazishi. Kisha kaburi, afande, mimi hapana kuweza tena." Halafu akainama karibu na sikio lake. "Na wewe ulete kitu. Hapana maneno matupu. Bo banasema wewe ni wa Bungulu, mutaficha ndugu yenu."

Bungulu, kule Beni, ndiko alikozaliwa, kweli. Baba yake alikuwa akisafirisha mbao kati ya Beni na Butembo, na alimlea binti yake ndani ya kabini ya lori. Leo yeye alikuwa OPJ, afisa wa upelelezi kutoka Butembo mwenye pingu na bastola, na bado neno lake lilikuwa halitoshi kuokoa mtu wa dini yake. Alihitaji ukweli unaoshikika mkononi, na alihitaji kutoka hapa kabla nyimbo za kaburini hazijaisha.

Alipanda kilima.

Kambi yenyewe ilikuwa kichekesho, kama mtu angekuwa na nafasi ya kucheka. Stanislas, kijana wa Butembo mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, alikuwa ameitangaza mtandaoni kama mahali pa kuishi kama wahenga. Hakuna hema, hakuna gesi, hakuna tochi. Unalala chini ya majani, unachoma viazi kwenye majivu, unaamka alfajiri kumwona nzohe. Wateja walitoka Goma na hata Kinshasa. Watu wa Kasugho walicheka mpaka wakashika mbavu. Wao walikuwa wamelala porini namna hiyo hiyo miezi na miezi, vita vilipowafukuza, na hakuna aliyewaambia kwamba ile ilikuwa starehe.

Jemima alikuwa amejikunyata kando ya moto, shuka mabegani. Alizaliwa Butembo, akalelewa Lyon, na alikuwa amerudi likizo kumwona bibi yake. Kiswahili alikuwa amejifunza kwa bibi huyo, mwaka huu huu, na alikitumia kwa bidii ya mwanafunzi anayetaka kusifiwa.

"Pirogi imeenda," Faida alisema akiketi. "Tuko batu bane tu. Donc tutaongea. Juzi, ulimuona Paulin jioni? Na macho yako?"

"Kumuona, hapana. Tumbo iliniuma, nililala ku kibanda. Mais alirudi. Hiyo niko sûre."

"Sûre namna gani?"

"Niliuliza Kitsa. Kitsa alirudi na pirogi, peke yake, alianza kutengeneza samaki. Nikamuuliza kama Paulin alirudi. Akasema ndiyo. Ni mbele Ibrahim akuye kutuambia barabara inaharibika."

Huo ndio ulikuwa mzizi wa kesi nzima. Mchana ule wote Ibrahim alikuwa amelala chini ya gari lake katikati ya Kasugho, anabadilisha springi iliyokatika, na nusu ya kijiji kikimzunguka kumfundisha kazi. Alivuka kwenda kambini jioni tu, Kitsa alipomfuata kwa mtumbwi. Kama Paulin alirudi akiwa hai kabla ya jioni hiyo, Ibrahim alikuwa na nafasi ya kumuua. Kama hakurudi, alikuwa amekufa mchana, na Ibrahim hakuwa na lake.

"Bon. Kitsa, kuya hapa."

Kitsa akasogea shingo upande.

"Siku ile Paulin alirudi hapa jioni?"

"Hapana kurudi, afande. Asubui nilimushusha ku mafunjo, kule nyuma. Alisema nikuye kumuchukua kisha midi, saa sita. Nilienda, niliita, hakuna mutu." Akatazama upondo wake. "Nilikuwa nimekunywa. Sikutafuta. Nilisema pengine alirudia kwake. Na chefu nilimwambia, mais alisema mademoiselle na patron bo babili banasema alirudi, wewe mulevi unasema hapana."

"Muongo!" Jemima alisimama, shuka likaanguka. "Ulinijibu! Mimi nilisikia!"

Faida akamtazama Kitsa kwa jicho jingine. Huyu ndiye aliyekuwa wa mwisho kumwona Paulin. Huyu ndiye aliyeupata mwili. Mtumbwi ni wake, fundo la kamba ni lake, na mtu anayenuka kasiksi asubuhi anaweza kuwa amefanya chochote akiwa amelewa. Mara nyingi kesi huishia kwa mtu wa aina hii, na mpelelezi mchovu hushukuru Mungu na kufunga faili. Alijikuta anatamani iwe hivyo, na alijichukia kidogo kwa tamaa hiyo.

"Kitsa," alisema kwa ukali, "niangalie. Leo asubui, haukufungula ile pirogi?"

"Ndiyo, afande."

"Voilà!" Jemima alipiga kofi. "Amekubali! Ni ye!"

Kitsa akamkodolea macho binti yule kama mtu aliyemwagiwa maji. Kisha akamgeukia Faida. "Nimekubali nini?"

Faida alimtazama mmoja, kisha mwingine. Halafu kicheko kikamponyoka, kicheko kifupi kisicho na furaha hata kidogo.

"Jemima. Ile jioni, sema paka maneno yenye ulimuuliza. Hapana kunibadilishia. Ulisema nini?"

"Nilisema... 'Paulin hajarudi?'"

"Hajarudi."

"Oui. Hajarudi? Na ye akasema ndiyo."

"Na ku Kifaransa, mutu akikuuliza 'il n'est pas rentré?', na kweli hayarudia, unajibu nini?"

"Non. Naweza kujibu 'non, il n'est pas rentré'..." Sauti yake ikapungua katikati. Mkono ukapanda mdomoni.

"Kwetu tunajibu ndiyo," Faida alisema. "Ndiyo, vile unasema ni kweli, hayarudia. Sasa hivi nimemuuliza haukufungula, akasema ndiyo. Ndiyo, sikufungula. Kitsa, njo vile?"

"Njo vile! Kwani kuna ingine?"

Jemima alikaa chini pale pale kwenye majivu. "Mimi nilisema mbele ya chefu," alinong'ona. "Mbele ya batu bote. Nilisema niko sûre."

Alianza kulia, na Faida alimwacha alie. Alikuwa na haki ya kulia. Bibi wa Butembo alikuwa amemfundisha maneno yote ya Kiswahili, kasoro hilo moja ambalo hakuna bibi anayefikiri linafundishwa. Lakini machozi hayakufungua mlango wa kasho, na nyimbo kutoka Kasugho zilikuwa zimebadilika. Waombolezaji walikuwa wametoka kanisani, wanaelekea makaburini.

"Nyamaza kidogo, nisaidie," Faida alisema. "Nzohe mulimuona?"

"Kila asubui." Jemima alijifuta kwa shuka. "Stanislas anatupeleka paka ku mwisho ya kilima, tunaangalia mbali. Simu anakataza, mais mimi nilificha. Nilifanya video."

Aliitoa kwenye soksi. Faida akaitazama picha ikitembea. Nzohe, dume zuri lenye pembe, amesimama kwenye maji ya magoti, nyuma yake ukuta wa mafunjo. Anainua kichwa, anasikia sauti, anaruka hatua moja, kisha anasimama ghafla. Hakimbii. Video ya asubuhi ya pili ilikuwa hiyo hiyo, na ya tatu pia, mahali pale pale. Majani yaliyomzunguka yalikuwa yameliwa mpaka chini, duara kamili, na nje ya duara yalisimama marefu bila kuguswa.

Mtu wa Lyon angeweza kuona maajabu ya asili pale. Faida aliona mbuzi. Kila kando ya barabara ya Beni na Butembo, kila uwanja wa shule, palipofungwa mbuzi kwenye kigingi huwa pana duara kama hilo.

Aliingiza mkono mfukoni akagusa kifuko cha plastiki alichokuja nacho kutoka kwa maiti. Halafu akamwita Stanislas.

Kijana alikuwa amejishughulisha na kuhamisha kuni mbali na maji, kama mwenye nyumba mwenye bidii. Alikuja akipangusa mikono kwenye koti lake lenye mifuko mingi.

"Madame l'inspecteur, usiogope. Pirogi itaonekana. Kesho asubui bavuvi banapita huku."

"Kesho," Faida alisema. "Kaa. Ile jioni mulikula nini?"

"Nilishasema ku bureau ya chefu."

"Mimi sikukuwa kule."

"Viazi, na samaki ya Kitsa. Mimi na Paulin, hapa ku moto. Kisha Ibrahim akakuya, bakaanza kubishana, bakatelemuka bote ku maji. Mimi nikalala."

"Paulin alirudi na nini? Kitsa hapana kumuleta."

"Kitsa alilewa, ye anajua nini?"

"Kitsa alilewa, pirogi haikulewa. Iko moja tu, na Jemima aliiona inarudi na mutu moja. Donc Paulin alirudi na nini?"

Stanislas aliwatazama wawili wale, kisha akatazama moto. "Kwa muguu."

"Kwa muguu." Faida alitikisa kichwa kama aliyeridhika. "Leo asubui, mbele nianze kazi, nilikuuliza kama kuna njia ingine ya kutoka hapa. Ulinijibu nini?"

Stanislas akasukuma kuni motoni kwa kiatu.

"Ulisema hakuna. Sasa chagua. Kama njia iko, ulinidanganya, na tunaweza kutoka saa hii. Kama njia haiko, ile jioni ulikula viazi na mufu."

Kitsa alitoa sauti kooni. Stanislas alijaribu kutabasamu, na tabasamu likamgomea upande mmoja wa mdomo.

Faida aliweka kifuko cha plastiki juu ya jiwe la moto. Ndani yake kulikuwa na kipande cha kamba ya nailoni, bluu, kimekatwa kwa kisu kikali upande mmoja. "Hii ilikuwa ndani ya ngumi ya Paulin. Chefu alisema ni kamba ya kambi. Nimeangalia vibanda vyako vyote. Hakuna musumari, hakuna nailoni, fundo zote ni kamba ya pori. Unajisifu na hiyo. Basi bluu inatoka wapi?"

"Bavuvi..."

"Nzohe yako hakimbii, Stanislas. Nimeiona ku simu. Anaruka, kamba inamuvuta, anasimama. Na majani amekula muviringo. Mimi ni mutoto wa Bungulu, nzohe siijui. Mbuzi ya kufunga ninaijua."

Kisha Stanislas akasema, kwa sauti ya mtu anayelalamika, "Nyama ya pori haina rendez-vous, madame, inakuya saa inapenda. Batu banalipa, banakuliwa na mbu siku tatu, habaone kitu, banarudia kunitukana ku internet. Nilimufunga muguu moja tu. Nilimuletea majani. Alikuwa anaishi."

"Na Paulin akamupata."

"Akamukata kamba! Mbele yangu! Nilimuomba, nilipiga magoti ndani ya maji, nikasema niachie mwezi moja tu. Akasema ataniita mbele ya kijiji yote. Nyama ikakimbia na ye anacheka. Nilimusukuma. Nilimusukuma tu. Akaanguka kinyumanyuma ku kigingi ya nyama." Alijishika kichwa kwa mikono miwili. "Hakuamuka. Nilimuacha pale. Maji njo ilimuleta huku."

"Na leo ulifungula pirogi, tukae hapa paka Ibrahim akufe. Mufu hapana kusema, dosye inafungwa."

Hakukataa. Faida alisikia hasira ikimpanda mpaka masikioni, hasira ya kumpiga mtu kofi, na akajizuia kwa kuchukua pingu. Aliifunga mikono ya kijana mbele, pingu zikalia kavu.

Wakati huo huo Kitsa akainua kidole. "Afande. Sikiliza."

Faida alisikiliza. Hakusikia kitu, na hilo ndilo Kitsa alilotaka alisikie. Nyimbo za kaburini zilikuwa zimekwisha.

"Njia iko wapi?" alimuuliza Stanislas.

"Nyuma. Juu ya mafunjo. Inaomba mikono mibili, madame. Na hizi," alinyanyua pingu, "nitazama, na nyinyi bote mutazama."

Faida alijua kwamba anasema kweli, na alijua pia kwamba kila muuaji angesema hivyo hivyo. Kama angembakiza hapa amefungwa, nani angeonyesha njia? Kitsa aliijua mikondo ya maji, si njia za juu ya mafunjo. Akatoa ufunguo, akafungua.

Nyuma ya kilima mafunjo yalikuwa yamefumana yakawa mkeka mzito unaoelea. Ukikanyaga penye mizizi mingi unakubeba. Ukikosea, unapita. Stanislas alitangulia, akishika mashina kulia na kushoto. Faida alimfuata, nyuma yake Jemima, na Kitsa mwisho na upondo wake. Kila hatua mkeka ulizama, maji yakapanda mpaka magotini, halafu ukanyanyuka kwa shingo upande. Faida hakujua kuogelea. Aliogopa waziwazi, na hakuona haya. Majani yalifunga mbele na nyuma. Juu kulikuwa na utepe mwembamba wa mbingu, na joto ndani ya mafunjo lilikuwa la chungu kilichofunikwa.

"Kanyaga fasi nakanyaga," Stanislas alisema bila kugeuka.

Alikanyaga, akateleza, mguu wa kushoto ukapita. Kufumba na kufumbua alikuwa ndani mpaka kwapani, bastola chini ya maji, tope limeshika miguu yote miwili kama mikono ya mtu. Kadiri alivyojivuta ndivyo alivyoshuka. Jemima alipiga kelele nyuma. Kitsa alikuwa mbali mno, na mkeka usingewabeba wote mahali pamoja.

Stanislas aligeuka. Alimtazama. Kisha akatazama mbele, kulikokuwa na mwanga, na Faida aliona hesabu nzima ikipita usoni mwake.

"Enda," Faida akamwambia, akihema. "Enda peke yako. Njia iko moja, inatokea fasi ba Kasugho bako. Utatokea na matope paka kichwa, bila mimi, bila Jemima. Batakuuliza tuko wapi. Utabajibu nini?"

Kijana alisimama pale muda ambao kwa Faida ulikuwa mrefu kuliko safari yote. Halafu akalala kifudifudi juu ya mkeka, akanyoosha mkono, akamshika kwenye kola ya sare yake. Alimvuta huku analia.

Walitokea kwenye nchi kavu palipokuwa na miguu mingi.

Vijana walikuwa wamemleta Ibrahim ukingoni ili wamchome na kumtupa mahali walipoamini alimtupa Paulin. Alikuwa amepigishwa magoti, mikono imefungwa nyuma, jicho moja limevimba likafumba. Land Cruiser yake ilisimama nyuma yao, vioo vimevunjwa. Chefu alikuwa kando, kofia mkononi, ananyamaza. Mbele ya wote alisimama Marie-Jeanne, mjane wa Paulin, udongo wa kaburi ungali kwenye vidole vyake.

"Mumuachie!" Faida alipaza sauti. Alikuwa tope tangu kisigino mpaka kitambaa cha kichwa.

"Ye njo wa kwabo!" mmoja akajibu. "Mugini moja, dini moja! Hapana kumusikia!"

"Hapana kunisikia mimi," Faida alisema. "Musikie huyu."

Alimsukuma Stanislas mbele, mpaka akawa uso kwa uso na mjane. Marie-Jeanne alimngoja. Wote walimjua Stanislas. Alikuwa amelala kwa mjane huyo, amekula mezani kwake, na mtoto wake wa mwisho alimwita Tonton Stany, mjomba Stany.

"Mama Marie-Jeanne," alisema hatimaye. "Ni mimi. Dereva hapana kumuona Paulin. Paulin hakurudi ku kambi. Mimi njo nilimusukuma."

Jemima alijitokeza nyuma yake. "Na mimi nilisikia mubaya," alisema kwa sauti iliyovunjika. "Kitsa alisema Paulin hayarudia. Mimi nikaelewa alirudi. Ni kosa yangu."

Marie-Jeanne hakupiga kelele. Aliketi chini polepole, mahali aliposimama, na wanawake wakamzunguka. Waliokuwa wamemshika Ibrahim waliondoa mikono yao, mmoja baada ya mwingine, bila kumtazama na bila kusema pole. Kisha jiwe la kwanza likapita kando ya sikio la Stanislas.

Faida alijua sauti inayofuata jiwe la kwanza. Akamvuta Stanislas nyuma yake, akarudi kinyumenyume mpaka kwa Ibrahim, akakata kamba za mikono yake kwa kisu. Asubuhi nzima alikuwa amepigana kumtoa mtu mmoja mikononi mwa watu hawa. Sasa alikuwa na wa pili, na huyu alikuwa na hatia.

"Ibrahim. Motokari inawaka?"

Dereva alisugua vifundo vya mikono. "Inawaka."

"Tupeleke Butembo."

"Na ye?"

"Na ye."

Ibrahim akamtazama Stanislas kwa lile jicho moja lililobaki. Jiwe la pili likagonga mlango wa gari. "Afande, ye alikuwa anajua. Mimi niko ku kasho, nasikia banaimba vile batanichoma, na ye anajua."

"Alikuwa anajua."

"Na unaniomba mimi."

Faida hakuwa na amri ya kumpa mtu aliyepigwa hivi, na aliona aibu kwamba ameomba. "Gari ni yako," alisema. "Tukimuacha hapa batamuua."

Vijana walikuwa wanasogea. Mmoja alikuwa na kidumu cha petroli, kile kile kilicholetwa kwa ajili ya Ibrahim. Stanislas alikimbilia nyuma ya pikapu, akashika ubavu wake apande, kama wafungwa wanavyopandishwa siku zote.

Ibrahim akamdaka shingoni, akamvuta chini. Umati ukanguruma kwa furaha, ukasimama kutazama. Hata Faida alidhani anamtoa kwao, akanyoosha mkono kumzuia.

Ibrahim akafungua mlango wa mbele.

"Nyuma batakuvuta, balete moto," alisema. "Ingia huku, kando yangu. Inama."

Akakisukuma kichwa cha Stanislas chini ya dashibodi kwa mkono wake mwenyewe, akafunga mlango, akazunguka upande wa usukani huku mawe yakimpiga mgongoni.